Mifupa Yangu na Mtungi wa Baba

Naandika haya kwa ajili yako uliyepewa kapsuli ndogo ya mafuta, ukaambiwa ni vitamini D ya kutibu mifupa iliyoharibiwa na ugonjwa wa figo, nawe ukatoka kwa daktari umeshika bahasha ya dawa huku hujaelewa nusu ya ulichoambiwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Usitafute kwangu maelezo ya kitaalamu, sina. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikalima mwani miaka kumi na tisa, na kitu pekee ninachokijua kwa undani ni kukunja tambuu. Ninachoweza kukupa ni yaliyonipata, pamoja na ujinga nilioufanya, ili wewe usiurudie.

Naitwa Saada. Nakaa Kiegeani, hapa Mafia, na mume wangu Hamisi, ambaye siku hizi anaendesha boti ya wageni wanaokuja kuzamia kwenye hifadhi. Tuna binti mmoja, Rehema, ameolewa Dar es Salaam, anakaa Mbagala. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Zuhura, dada yake Hamisi, wifi yangu. Huyo Zuhura mshike akilini, maana ndiye niliyemkosea.

Mwanzo niliulaumu mwani. Siku za bamvu, maji yanapokupwa mbali, sisi wakulima tunainama saa nne mfululizo kufunga miche kwenye kamba, na hakuna anayerudi nyumbani kiuno kikiwa sawa. Basi maumivu ya nyonga niliyaweka kwenye fungu hilo. Yalipohamia mapajani nikasema ni umri. Yaliposhuka kwenye nyayo nikasema ni ndara mpya. Nilikuwa hodari wa kujipa majibu.

Kisha ikaja Ijumaa moja, nimesali nyumbani, nimetoa salamu, nataka kuinuka kwenye mswala, nikashindwa. Miguu haikuuma kuliko siku nyingine, ila haikuwa na nguvu ya kunisukuma juu. Nikatambaa mpaka ukutani, nikajivuta kwa nondo ya dirisha. Hamisi sikumwambia. Siku ile ile nikagundua kwamba dera langu la kila siku linaburuza chini. Nikalitandika juu ya dera jingine kulipima, urefu ni ule ule. Mimi ndiye niliyekuwa nimepungua. Nilikaa kitandani na madera yangu mawili nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Masika hayo niliteleza kidogo tu pale ukumbini, nikajiegemeza ukutani kwa mkono wa kushoto, nikasikia mlio. Kifundo cha mkono kikavunjika kwa jambo ambalo mtoto angelicheka akaendelea kucheza. Hospitalini walinifunga hogo, ile bandeji ngumu nyeupe, lakini walipopima presha na damu, mganga aliyekuwa zamu alirudia vipimo mara ya pili. Akaandika barua ya kwenda Dar.

Boti ya Nyamisati nilikuwa nimeipanda mara nyingi, ila siyo nikiwa na mifupa ile. Kila wimbi lilinihesabia mbavu. Nahodha aliniona nimekunja uso, akaagiza viroba vya mwani mkavu vipangwe pamoja nikae juu yao. Nikasafiri mpaka bara juu ya mwani wa watu. Huruma za namna hiyo zilikuwa ndogo, lakini naweza kukutajia kila moja.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mdogo kuliko Rehema. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Mama, figo zako zimechoka muda mrefu, na zimechoka na mifupa pamoja," alisema. "Zilizobaki ni kidogo. Tukizilinda, utaendelea kukaa kwako. Zikichoka kabisa, itabidi uhamie huku Dar, usafishwe damu kwa mashine mara tatu kila wiki."

"Kwa muda gani, mwanangu?"

"Siku zote, mama."

Hapo ndipo nilipojua ninachopigania. Kifo sikukiogopa sana wakati ule, Mungu anisamehe. Nilichoogopa ni kuja kuishi kwenye chumba cha nyuma cha mkwe wangu Mbagala, natoka kwenda mashineni, narudi kulala, Hamisi yuko Mafia anapika ugali peke yake, na siku ya mwisho nirudishwe kisiwani nikiwa mzigo wa kuzika. Nilimtazama Rehema aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa analia. Nikajua tayari ameshapanga kichwani kitanda changu kitakaa wapi.

Kisha daktari akanionyesha kapsuli. Ndogo kuliko punje ya hindi, inang'aa. Akasema mwili wa mtu asiye mgonjwa unaipata vitamini hii kwa jua na chakula, halafu figo ndizo zinaimalizia ili ifanye kazi kwenye mifupa. Figo zangu haziwezi kuimalizia, kwa hiyo napewa iliyokwisha malizwa. "Itakusaidia," alisema, "lakini ni dawa ya kuogopwa kidogo. Ikizidi, kalsiamu inajaa kwenye damu na kuziumiza figo zile zile tunazozilinda. Kwa hiyo kila baada ya wiki nne lazima tupime damu. Usikose hata mara moja."

Hebu fikiri. Dawa ya kunisimamisha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kunimaliza. Niliimeza ya kwanza mbele yake nikakaa kimya nisikilize itafanya nini tumboni. Haikufanya kitu.

Nyumbani habari zilifika kabla yangu, na zilifika nusu. Hamisi alikuwa amesikia kwa simu kwamba ni "vitamini ya jua." Akaona daktari ametuonea. "Jua lote hili la Mafia, mama Rehema, tukalinunue kwenye chupa?" Kila asubuhi kabla ya kwenda botini alinitolea kiti uani, akiniacha nimekaa juani na kanga kichwani, na akirudi mchana ananikuta nimehamia kivulini, tunagombana. Nilimweleza habari za figo na kumalizia mara tatu. Mara ya nne nikamwacha aamini kwamba kiti chake kinafanya kazi.

Zuhura naye akaja na chupa ya mizizi. Wifi yangu anajua miti, watu wanatoka Kirongwe kumfuata. Aliichemsha mwenyewe, akaileta kila juma, akasimama mlangoni aseme, "Wifi, usiache hata tone." Mimi daktari alikuwa amenikataza dawa za miti kwa kidole kilichoinuliwa. Lakini nitamwambiaje Zuhura? Zuhura alinipokea nilipoolewa, alinikanda nilipojifungua. Basi nikawa naipokea chupa, nashukuru, akiondoka namwaga yote chini ya mpapai. Mpapai ule ulizaa vizuri mwaka huo, usidhani nakutania.

Kitu kimoja hakuna aliyekileta wala kukikataza. Wagonjwa wa figo mtanielewa nikisema mdomo unakuwa na ladha ya sarafu. Chakula kinanuka, maji yananuka, asubuhi unaamka na kichefuchefu. Mimi dawa yangu ya hapo ilikuwa tambuu. Kijaluba changu cha shaba hakikutoka kiunoni: majani, popoo, katu kidogo, na chokaa. Unapaka chokaa kwenye jani kwa kidole cha shahada, unaweka vingine, unakunja, unaweka shavuni. Ladha ya sarafu inakwenda zake. Zamani nilitafuna mara nne au tano kwa siku. Wakati wa ugonjwa nilikuwa sina hesabu.

Na chokaa yangu haikuwa ya dukani. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa, hapa hapa ufukweni, alikuwa akipanga matumbawe na magome ya chaza juu ya magogo mpaka tanuri linapita urefu wa mtu. Hifadhi ya bahari ilipoanza, matumbawe yakawa hayaguswi tena. Baba hakubishana. Alichukua chokaa ya tanuri lake la mwisho, akaizimua kwa maji, akaijaza kwenye mtungi, akanipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakunja tambuu za harusi za kijiji kizima. "Iache ndani ya maji, haitaharibika," alisema. Alifariki miaka mingi iliyopita, na mtungi uko kwenye kona ya chumba changu, unapungua kidole kwa kidole. Nilikuwa nikiufunua nasikia harufu ya mikono yake.

Kusi lilipoanza kuvuma, kapsuli ikafanya kazi. Sikuamini siku nilipoinuka kwenye mswala bila kushika dirisha. Nilikaa tena, nikainuka tena, mara tatu, kama mwendawazimu. Hogo lilikuwa limetolewa, mkono umekonda lakini unashika. Damu ya mwezi wa kwanza ilikuwa nzuri, ya mwezi wa pili nzuri. Nilianza hata kumtania Hamisi kwamba nitarudi shambani kwangu baharini.

Damu ya mwezi wa tatu haikuwa nzuri.

Kama hujawahi kusubiri majibu kwenye benchi la kliniki ya figo, nikueleze. Hakuna anayezungumza kwa sauti. Watu wamekaa na chupa ndogo za maji ambazo wamepimiwa, wanazitazama, hawanywi. Kila mlango unapofunguka, vichwa vyote vinageuka pamoja. Mwanamke mmoja mnene kutoka Rufiji alikuwa na mto wake wa kukalia, aliona ninavyojigeuza kwa maumivu, akautoa chini yake akausukuma kwangu. Nikaitwa nikiwa bado nimeukalia.

"Kalsiamu imepanda, mama," daktari alisema. Akapunguza dozi, kapsuli moja kila baada ya siku mbili. Wiki nne baadaye ilikuwa imepanda zaidi, na figo zimeshuka. Akaisimamisha dawa kabisa. Alipoisimamisha alikuwa na uso wa mtu aliyepotelewa na kitu chumbani mwake mwenyewe.

"Haieleweki. Kwa dozi ile haikutakiwa kufika hapa. Mama, kuna kitu kingine unatumia? Vidonge vya dukani? Maziwa? Miti shamba?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Hamisi, aliyenisindikiza safari hiyo, akanitangulia. "Kuna dawa anazoletewa na dada yangu. Chupa kila wiki."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi hizo ndizo zinazokumaliza, mama. Ziache leo hii."

Sasa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pa kunihukumu. Mimi nilijua kwamba tone moja la chupa zile halijawahi kupita kooni kwangu. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua, mimi na mpapai. Ningesema palepale, mambo yangekwenda njia nyingine. Sikusema. Kwanza nilimwonea haya Hamisi, ajue kwamba nilikuwa namcheka dada yake nyuma ya mgongo. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba kama ni mizizi ya Zuhura, basi iliyoniumiza imejulikana, itaachwa, nitapona. Na kama siyo mizizi, basi ni figo zangu zenyewe zinakwenda, na chumba cha Mbagala kinaningoja. Niliutaka ule uongo uwe kweli. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa, nikasema, "Nitaacha."

Hamisi alikwenda kwa dada yake siku tuliyoshuka botini, hata viatu hajavua. Sikuwepo, lakini nyumba zetu hazina umbali na upepo ulikuwa wa upande ule.

"Unataka kuniulia mke wangu, Zuhura?"

"Mimi? Mimi nimuue Saada?"

"Daktari kasema. Chupa zako hizo."

Kesho yake Zuhura hakuja, wala keshokutwa. Juma lililofuata nilimwona kisimani, akajitwika ndoo yake haijajaa akaondoka. Mwezi uliofuata mwanawe wa mwisho akaolewa, na mwaliko haukutufikia. Harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikasikia vigelegele vyote, na tambuu za sinia la bwana harusi zikakunjwa na mtu mwingine. Nilikaa uani kwenye kiti cha jua cha Hamisi nikitafuna yangu, machozi yanatoka, na nikajiambia ni ugonjwa.

Vuli ilikuja nami nikaharibika. Bila kapsuli maumivu ya mifupa yalirudi, lakini safari hii kulikuwa na zaidi. Kiu isiyokatika. Choo kigumu siku nne, tano. Kichefuchefu kikaongezeka, nami nikaongeza tambuu. Nikaanza kusahau. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilimpigia Rehema simu nikamsimulia habari za mama yangu kana kwamba yuko jikoni, na mama amekufa kabla Rehema hajazaliwa. Rehema hakunirekebisha. Alikata simu akampigia baba yake.

Tangu siku hiyo wakawa wanagombana juu ya kichwa changu. Rehema anasema mama aje Dar sasa, asisubiri mashine. Hamisi anasema mke wangu hatoki hapa. Rehema anasema baba, unamng'ang'ania mpaka afe. Kila mmoja alinipenda na kila mmoja alinichosha, na mimi katikati nilikuwa naogopa jambo ambalo sikumwambia yeyote. Chupa za Zuhura zilikuwa zimekoma miezi mitatu. Kama ndizo zilizokuwa zikinimaliza, mbona naendelea kuisha?

Upepo wa kaskazi ulipoanza walinipeleka Dar kwa ile ndege ndogo ya Kilindoni, kwa kuwa boti nisingeiweza. Rehema alikuwa amekwisha hamisha watoto kutoka kile chumba cha nyuma. Niliona shuka mpya kitandani. Zilikuwa na maua ya waridi, nzuri, na nilizichukia.

Kliniki nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Muuguzi alikuja na kile kibanio kidogo cha kupimia hewa kwenye damu, akakibana kwenye kidole changu cha shahada. Kikawaka, kikazima. Akakitoa, akakipangusa, akakibana tena. Hakisomi.

"Mama, una rangi kwenye kidole? Mbona ngozi ngumu hivi, nyeupe?"

Nilikitazama. Kidole changu kilikuwa hivyo tangu ujana, kimekauka na kupasuka nchani, kucha imetoka weupe. Nilikuwa sikioni tena.

"Siyo rangi," nikamwambia. "Chokaa tu."

Daktari alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Chokaa ya nini, mama?"

"Ya tambuu, mwanangu."

"Unatafuna tambuu?"

"Kidogo." Nikamwona Rehema ananitazama. Nikasema, "Siyo kidogo."

Akaniomba anione ninavyofanya. Nilifungua kijaluba, nikapaka jani mbele yake, na yeye akafuata kidole changu kwa macho kutoka kwenye kopo la chokaa mpaka kwenye jani. Akauliza ni majani mangapi kwa siku. Nikahesabu kwa unyofu, na hesabu ilinitisha mimi kabla yake. Akauliza chokaa inatengenezwa na nini. Nikamwambia matumbawe na magome ya chaza, imechomwa na baba yangu.

Akasema polepole, "Mama, hiyo chokaa ndiyo kalsiamu yenyewe. Mimi nilikuwa nakupa kapsuli inayoufundisha mwili kunyonya kalsiamu, na wewe ulikuwa unaitia kwa kidole mchana kutwa. Hata baada ya kuacha kapsuli uliendelea. Nilikuuliza vyakula, nikakuuliza dawa. Tambuu sikukuuliza, na nilipaswa kukuuliza."

Nami nisingemtajia, hata angeniuliza vipi. Kwetu tambuu haihesabiki. Ni kama kumtajia daktari kwamba unavaa kanga.

Rehema akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siyo dawa za shangazi?"

Nilifunika uso kwa mtandio.

Walinilaza siku nne, dripu moja ikiisha wanatundika nyingine. Kijaluba walikichukua wakakifungia kwenye kabati la wauguzi. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mate yalinijaa, kichwa kiliniuma, nilimtukana muuguzi mmoja aliyekuwa hana kosa. Ladha ya sarafu ilirudi yote mdomoni, nikawa nayo uso kwa uso. Siku ya tatu niliuliza siku, nikaambiwa Jumatano, nikaona kwamba nilishajua. Kichwa kilikuwa kinarudi.

Kalsiamu ilishuka. Figo ndizo tulizozisubiri, na daktari hakutaka kuahidi. Alisema huenda zikapanda kidogo, huenda zisipande. Nililala kwenye maua ya waridi ya Rehema wiki mbili nikisubiri damu ya mwisho, na kila simu ilipolia niliinuka kuketi. Ilipolia ya kweli, Rehema aliipokea akasikiliza, akasema "ndiyo daktari" mara nyingi, uso hausemi kitu. Kisha akaenda chumba cha nyuma. Nikamsikia anaita watoto warudishe magodoro yao.

Figo hazikurudi kama zamani. Zilirudi pale zilipokuwa masika. Panatosha kukaa nyumbani. Kapsuli nikaanzishiwa tena, mara tatu kwa wiki, na damu kila wiki nne.

Nilifika Kiegeani Jumamosi. Jumapili asubuhi nilimwambia Hamisi habari ya mpapai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Hilo la kumwambia Zuhura ni lako. Langu nitalisema mwenyewe." Basi nikatoka. Kutoka kwangu mpaka kwa Zuhura zamani nilikuwa nakwenda na sufuria ya moto mkononi bila kupumzika. Siku hiyo nilisimama mara mbili, nikashika uzio wa watu, nikaendelea.

Alikuwa anachambua mchele. Hakunikaribisha, lakini alisogeza mkeka.

Nilimwambia yote kwa mpigo, kwa sababu ningepumzika ningegeuka. Chokaa. Kidole. Halafu lile baya zaidi, kwamba dawa zake nilizimwaga tangu chupa ya kwanza, na kwamba Hamisi alipomtaja kwa daktari mimi nilijua siyo kweli nikanyamaza.

Zuhura aliendelea kuokota mawe kwenye mchele. "Zote?" aliuliza.

"Zote, wifi."

"Nikienda porini na mguu huu mbovu, nachimba, nachemsha, wewe unamwagia mpapai."

"Nisamehe."

"Na miezi minne hii watu wananiita muuaji. Mwanangu kaolewa, nimeulizwa Saada yuko wapi, nikasema anaumwa." Akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilikasirika kwa sababu nilidhani kweli nimekuua, wifi. Nilikuwa nakuona kisimani unavyoisha, nasema ni mimi. Ningekuja vipi kwako?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Nililia pale mkekani mbele ya mchele wake, naye hakunibembeleza, aliniacha nilie.

Nilipomaliza akauliza, "Huo mtungi uko wapi?"

"Chumbani. Sina moyo wa kuumwaga. Ni wa baba."

"Nani kasema umwagwe?"

Alikuja mchana ule ule na ndoo na brashi ya makumbi. Alinikalisha kitandani akaniambia nisiguse kitu. Akaichota chokaa yote ya baba, akaizimua kwa maji, akapaka ukuta mzima unaotazamana na kitanda changu, mara mbili, kutoka chini mpaka juu, mguu wake mbovu juu ya kigoda. "Hapa utaiona kila ukiamka," alisema, "na hutaila." Ilipokauka chumba kizima kilikuwa cheupe, na mtungi ulikuwa mtupu.

Wewe uliyepewa kapsuli, mtajie daktari kila kitu kinachopita mdomoni mwako, hata kile ambacho hakihesabiki, hasa hicho. Na ukijua kwamba mtu anabeba lawama isiyo yake, sema siku hiyo hiyo, hata kama lawama hiyo ndiyo tumaini lako. Mimi bado naogopa. Wiki ijayo ni damu tena, na nitakaa kwenye benchi lile vichwa vikigeuka pamoja. Bado harusi zikija nakunja tambuu za watu, chokaa ya dukani nawapakia kwa kijiko, na mate yananijaa.

Juzi ilikuwa siku ya kapsuli. Niliinuka kwenye mswala, mkono ukagusa ukuta kidogo, wala sikujishika, umegusa tu. Nikautazama. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe. Nilisimama nacho hivyo, karibu na mdomo, sijui kwa muda gani.

"Lete hapa," alisema Zuhura. Alikuwa mlangoni na kata ya maji, sikumsikia akiingia. Nikanyoosha mkono, akanimwagia.